Kishikwambi Mikononi mwa Mtani

Vijana wangu wa kitengo cha TEHAMA, siku mnaniaga mlinipa mashine ya kufulia, mkaniomba na mimi niwaachie maneno ya busara. Mashine imefika nyumbani Tangini salama. Busara nimeitafuta kila kona nimeikosa, kwa hiyo nawaandikia haya badala yake. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo havikuwa vingi, na mishahara mnaijua, maana ndiyo hiyo hiyo mnayoinung'unikia ninyi. Nitasema juu ya jambo lililonichanganya akili tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho: mashine ya kazi ni ya nani, ya anayeitumia au ya anayeilinda? Nimelipwa miaka yote hiyo ili nijue jibu, na silijui.

Nilipoanza kazi, shirika letu lilikuwa na kompyuta moja pale Kibaha, na ilikuwa na chumba chake peke yake. Chumba kilikuwa na kiyoyozi, wakati mkurugenzi mwenyewe alikuwa na feni ya mezani. Mtu alivua viatu mlangoni kama anaingia msikitini. Juu ya kompyuta palikuwa na kitambaa cheupe alichokifuma mke wa mhasibu, na siku yangu ya kwanza nilikifunua, nikakikunja vizuri, nikakaa nikaitazama ile mashine bila kuigusa mpaka saa ya chai.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Kondo, fundi aliyehamia kwenye kompyuta akitokea kwenye kutengeneza taipureta. Alikuwa na bisibisi moja ndefu aliyoitumia kwa kila kitu, pamoja na kukorogea chai. Aliponikuta nimekunja mikono akacheka.

"Iguse, binti yangu. Haiumi."

"Nikiiharibu je, mzee?"

"Utakuwa umetupatia kazi. Sisi tumeajiriwa kwa ajili ya nini?"

Mzee Kondo hakufunga kitu chochote. Neno la siri la kompyuta ile aliliandika kwenye kipande cha karatasi akakibandika pembeni ya kioo, kwa herufi kubwa, ili na wasiovaa miwani walione. Nilipomuuliza kwa nini, alisema mtu ukimfungia kazi yake, ataacha kuifanya aanze kutafuta ufunguo. Nilimwona mzee wa zamani asiyejua dunia inakwenda wapi. Alistaafu akaniachia bisibisi na kile chumba, na nikaanza kufunga.

Nilikuwa na sababu zangu. Zilikuja flashi, na kila mtu akawa na yake shingoni kama hirizi. Watu walileta kaswida, picha za harusi, mahubiri, na pamoja nazo virusi vya kila aina. Siku moja kirusi kilificha mafaili yote ya idara ya ugavi, na mwenye idara, mtu mzima na ndevu zake, akalia mbele yangu. Niliumia kweli. Nikaziba matundu ya flashi kwenye mashine zote kwa programu, na mashine mbili kuukuu zilizokataa programu nikaziziba kwa gundi. Nikaona nimemaliza kazi. Baada ya muda ndipo nikagundua kwamba barua za ofisi sasa zinapigwa picha kwa simu, zinatumwa kwa WhatsApp, zinachapwa kwenye steshenari ya jirani, zinarudi ofisini zimegongwa muhuri. Nilikuwa nimefunga dirisha, nao wakabomoa ukuta.

Nikaweka pia swali la siri kwa wanaosahau nywila zao. Mwongozo ulipendekeza: jina la mama yako mzazi. Mnacheka, nawasikia. Huku kwetu mtoto wa kike hupewa jina la bibi yake, na hakuna mtu Kibaha nzima asiyejua jina la binti wa mwenzake anayekaa naye dawati moja. Wiki haikuisha, kila mtu alikuwa ameshaingia kwenye akaunti ya kila mtu. Na hawakufanya ubaya wowote! Waliingia kumalizia kazi ya mwenzao aliyekuwa anauguza. Kwenye ripoti nikaiita uvunjaji wa usalama, na moyoni sikujua niite nini.

Halafu vikaja vishikwambi. Hapa ndipo mlipoanza kuingia kazini mmoja mmoja, kwa hiyo mambo ya kiufundi mnayajua kuliko mimi. Kila muuguzi wa zahanati zetu za vijijini alipewa kimoja, aende nacho nyumba kwa nyumba kwa akina mama wajawazito na waliojifungua, aandike humo hali zao. Mimi ndiye niliyekaa na kuvifunga. Nikaondoa michezo, nikaondoa WhatsApp, nikazuia kamera. Nikachora kwenye ramani mpaka wa kila kituo, kwamba kishikwambi kikilala nje ya mpaka wake, alamu nyekundu iwake kwenye kioo chetu Kibaha. Na sera ikasema: kilichoibwa au kupotea kifutwe chote kwa mbali siku hiyo hiyo, na aliyekiachia kitoke mikononi mwake mkataba wake usitishwe. Sentensi hiyo ya mwisho haikuandikwa na mimi, lakini niliipitia na sikuikataa.

Kule Chole, Kisarawe, muuguzi alikuwa Mwanaidi. Mwembamba, mwepesi wa miguu, mtu wa kusema polepole. Alikuwa amezaliwa kata hiyo hiyo na akina mama walimwamini kuliko walivyowaamini waume zao. Mtandao wa Chole unakuja na kuondoka utakavyo, kwa hiyo kazi zake zilikuwa zinakaa ndani ya kishikwambi siku kadhaa kabla ya kufika kwetu. Kumbukeni hilo, kwa sababu kukifuta cha Mwanaidi kulikuwa ni kufuta kazi ambayo haipo mahali pengine popote.

Asubuhi moja nikakuta alamu ya Chole inawaka. Kishikwambi kimelala nje ya mpaka usiku wa nne huo, ila mtandao wa Chole ulileta taarifa leo tu, tena kwa muda mfupi mno kupandisha kazi. Nikapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mwanaidi. Kishikwambi kiko wapi?"

"Kipo, mama. Kiko kwa mtani."

"Kwa nani?"

"Tulifiwa na shangazi. Nilitoka kwenye mizunguko nikaenda msibani moja kwa moja, mkoba ninao. Basi Mzee Mihayo akaja na utani wake. Kakichukua."

Wasiojua mila zetu niwaeleze. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za babu zetu. Mtani akija msibani kwako ana ruhusa ya kukutukana, kumwigiza marehemu, hata kulala kaburini akatae kutoka. Anaweza kuchukua kitu chochote akakikalia, na hupaswi kukasirika. Unakikomboa kwa alichokitaka, ukoo ukiwa umekaa pamoja. Mzee Mihayo, fundi pikipiki aliyetoka Tabora zamani akaoa Chole, aliingia uani amejifunga khanga za marehemu, akakiinua kishikwambi juu akatangaza kwamba marehemu, mke wake wa utani, amemwachia urithi. Akataka jogoo mweupe na sukari, vitolewe siku ya arobaini. Watu walicheka mpaka wafiwa wakacheka, na ndiyo kazi ya mtani.

"Kakirudishe leo," nikasema.

"Siwezi, mama. Ukoo haujakaa. Nikienda kukidai peke yangu nitakuwa nimeutukana msiba wa shangazi."

Nilifungua fomu ya tukio. Mnaikumbuka ile fomu, maana haijabadilika: Kimeibwa. Kimepotea. Kimeharibika. Haikubali kwenda mbele mpaka uchague. Kimeibwa? Hapana, mchukuaji anajulikana na msiba mzima ulimshangilia. Kimepotea? Nakiona kwenye ramani pale kilipo. Nikikifuta, kazi ya Mwanaidi inapotea pamoja na mkataba wake. Nisipokifuta, mle ndani mna mambo ambayo wanawake walimwambia Mwanaidi tu, mengine ya kuvunja ndoa. Nilikaa na kidole juu ya kitufe cha kufuta, chai ikapoa, nikainuka nikamwambia dereva twende Kisarawe.

Karakana ya Mzee Mihayo iko kando ya barabara, nje kidogo ya mpaka niliouchora, turubai juu ya nguzo na nyumba yake nyuma. Nilimkuta amechuchumaa kwenye injini, mikono myeusi kwa oili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mke wangu. Umechelewa, ugali umepoa. Wazaramo mkisikia ngoma njiani lazima msimame."

Nilikuja na hasira yangu nimeipanga vizuri tangu Kibaha, lakini utani ukianza huwezi kuuacha hewani. "Mpagazi mkubwa wewe! Babu zako walibeba mizigo ya watu mpaka Bagamoyo, na wewe bado hujaacha. Nipe mzigo wangu."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanawa mikono kwa sabuni, taratibu, mpaka kwenye viwiko, akaingia ndani akatoka na kishikwambi kimefungwa kwenye khanga. Akanionyesha, hakunipa.

"Mzee, humu mna siri za watu. Umekifungua?"

Hapo uso wake ukabadilika, na utani ukakatika. "Mama, mimi nimekichukua mbele ya watu. Nikikifungua nitakuwa mwizi. Unaniita mwizi?"

Nilimwomba radhi. Lakini kilichonivuruga ni kwamba nilikuwa na kumbukumbu za mfumo kwenye laptopu yangu, na zilisema kishikwambi kilifunguliwa kila jioni tangu kifike pale, kwa nywila sahihi. Nikamwamini mzee, nikaamini na mfumo, na hao wawili walikuwa hawapatani. Sikujua nimshike yupi.

Jua lilipopungua akaja Mwanaidi. Alishtuka kuniona, akanipa shikamoo, kisha akafanya alichokijia. Alimwambia Mzee Mihayo, "Mume wangu, naomba urithi wako kidogo." Mzee akampa. Mwanaidi akaketi kwenye kigoda katikati ya vyuma na matairi, akafunga khanga magotini, akaingiza nywila yake na kuandika kazi zote za siku ile. Mzee akahamia upande wa pili wa turubai akampa mgongo. Alipomaliza, akakifunga kwenye khanga akakirudisha kwa mikono miwili. Ndivyo walivyofanya kila jioni. Mila inasema kitu kisitoke kwa mtani. Haikusema mwenye kazi asiende kukifuata huko huko.

"Kwa nini hukunieleza haya?" nilimuuliza.

"Ningeeleza kwenye kisanduku gani cha fomu yenu, mama?"

Niliwasha intaneti ya simu yangu, nikakiunganisha, kazi zake zote zikapanda mpaka Kibaha palepale karakanani. Hilo angalau lilikuwa salama. Mkataba wake haukuwa salama, kwa sababu alamu ilishawaka na meneja ameiona.

Meneja wetu alikuwa Bwana Kapela. Nilimweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi, nikitegemea aniulize utani umeandikwa ukurasa gani wa sera. Hakuuliza. Alianza kutabasamu kwenye khanga za marehemu, na nilipofika kwenye jogoo mweupe akawa anafuta machozi.

"Bi Tatu, unasahau mimi ni mtu wa Tabora," alisema. "Ningekuwa pale ningekichukua mimi kabla ya huyo mzee."

Moyo ukanitulia. "Kwa hiyo Mwanaidi hana kosa?"

"Hana kosa kabisa. Abaki kazini, na hilo andika hivyo hivyo." Akavaa miwani yake. "Na kwa sababu naelewa, ndiyo maana najua hatuwezi kulizuia. Misiba haiishi, watani hawaishi. Kikishakombolewa, vishikwambi vyote visitoke nje ya zahanati. Vikae kwenye kabati la chuma. Akina mama waje kituoni."

Nilitoka ofisini kwake sijui nimeshinda au nimeshindwa. Ningekuwa na meneja mjinga ningejua la kufanya, ningebishana naye. Huyu alikuwa ameelewa kila neno, tena kwa furaha, na bado amefunga. Mpaka leo nikikaa kibarazani hapa Tangini naanza upya kutafuta ni wapi hoja yake ilipoacha njia, na siioni.

Jogoo mweupe alitolewa siku ya arobaini, kishikwambi kikarudi, kikaingia kabatini, nami nikaubana mpaka wake uishie kwenye zahanati, alamu iwake kikivuka tu, usiku au mchana. Alamu ya Chole haikuwaka tena, isipokuwa siku moja.

Sasa niwape siku yangu ya mwisho, kwa sababu najua mna swali. Niliomba niende kukagua Chole mwenyewe, nikasema nataka kuaga. Mwanaidi alinifungulia kabati. Kishikwambi kilikuwa kinang'aa kama kimetoka dukani leo. Chaji imejaa, kufuli zote ziko sawa, hakuna programu ngeni. Katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi kukagua mashine iliyokuwa salama kiasi kile. Kazi zilizoandikwa humo zilikuwa chache sana.

"Akina mama hawaji?" niliuliza.

"Wanaokuja ni wale wasio na cha kuficha. Benchi letu liko nje, mama, kila apitaye anakuona umekaa." Kisha akataja mama mmoja wa kule bondeni. Hakuniambia ana nini na sikumuuliza. Aliniambia tu kwamba tumbo sasa ni kubwa, kuna dawa anayopaswa kuimeza kwa ajili yake na ya mtoto, na tangu kishikwambi kifungiwe hajaonekana.

"Si umfuate hivyo hivyo, mikono mitupu?"

"Nimeshaenda. Hakunifungulia." Mwanaidi alikuwa anatazama sakafu. "Nikiwa nacho, majirani wanajua niko kazini, napita kila nyumba, na yeye anajua anayoniambia yanaingia humo na kufungwa. Nikienda mikono mitupu mimi ni mtoto wa hapa hapa Chole nimekuja kusikiliza mambo ya watu. Ananiona mmbea." Akainua macho. "Mama, leo ndiyo siku yako ya mwisho. Nifungulie mpaka. Leo tu."

Niliudhika. Nilikasirika kweli, kwa sababu alikuwa ananiomba kitu ambacho angeweza kumwomba mtu mwingine yeyote siku nyingine yoyote. Nilimweleza sera. Nilimweleza agizo la Bwana Kapela, nikamweleza habari za alamu, nikajisikia nikieleza, na maneno yote yalikuwa kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilipomaliza, hakuna kilichobadilika: kabati lilikuwa wazi, na yule mama alikuwa bado yuko bondeni.

Kuuondoa mpaka kungehitaji kibali cha Kibaha, na kibali kingekuja mimi nimeshastaafu. Basi sikuuondoa. Nilikichukua kishikwambi nikakitia chini ya kwapa, nikamwambia Mwanaidi tangulia wewe unayeijua njia.

Tulipita kwanza nyumba mbili tatu ambazo hazikuwa na mgonjwa, Mwanaidi akikishika mbele kifuani watu wakione. Kule bondeni mlango ulikuwa umefungwa, mchana kweupe. Mwanaidi akapiga hodi mara kadhaa, kimya. Tulikuwa tumeshavuka mpaka zamani, na simu ilikuwa imeanza kuita mkobani mwangu. Mlikuwa ninyi. Mliniuliza baadaye kwenye keki ya kuniaga, mbona alamu ya Chole iliwaka siku yako ya mwisho na hukupokea simu, nikawaambia mtandao wa kule mnaujua. Sasa mmejua.

Mlango ukafunguka upana wa jicho. Mwanamke akatutazama, akamtazama Mwanaidi mikononi.

"Umekuja nacho?"

"Nimekuja nacho."

Akausukuma mlango wote, akatandika mkeka. Simu ikaendelea kuita, nami nikabaki nimesimama nje, sijui kama nalinda mlango au navunja sheria, nikaiacha iite.